Kodi na Makazi: Kwa Nini Wafanyao Kazi Kariakoo Hawalali Kariakoo?



Neno "kodi" katika lugha yetu limebeba mizigo miwili. Mtu akisema, "Nimekwisha lipa kodi," hapana budi tumwulize, "Kodi ipi?" Pesa ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba huitwa kodi, na pesa zichukuliwazo na Serikali katika mshahara au katika biashara huitwa kodi vilevile. Mataifa mengine yana maneno mawili ili watu wasichanganye. Sisi tunalo moja, na katika mji huu wa Dar es Salaam si ajabu kuwa nalo moja, kwa kuwa kodi hizo mbili hutoka katika mfuko uleule wa mzazi, na kile kibakicho baada ya kuzilipa zote mbili ndicho kimwambiacho mahali pa kulala. Ili tusipotezane njiani, katika makala hii kodi ya nyumba nitaiita pango, na neno kodi nitaliachia Serikali.

Napenda kutoa maoni yangu juu ya swali liletalo ubishi mwingi kila lizungumzwapo: je, kodi ya mapato humfanya mtu achague mahali pa kukaa? Wako wasemao ndiyo, nao hutoa mifano ya nchi za ng'ambo. Wako wasemao hapana, kwa kuwa hawajapata kumwona jirani aliyehama kwa ajili ya kodi. Mimi nasema hivi: hapa kwetu kodi ya mapato haimhamishi mtu. Kimhamishacho ni pango na nauli, mambo ambayo kodi hiyo haiyaoni kabisa. Lakini kodi itozwayo juu ya paa au juu ya kichwa, bila kutazama mtu anapata nini, hiyo imepata kuwahamisha wazee wetu. Kwa hiyo, tukitaka watu wa mapato madogo wapate kukaa karibu na kazi zao, yatupasa kuuliza Serikali inapima nini inapotoza: inapima pato, au inahesabu mapaa?

Tuanze na mifano ya mbali. Nchi ya Uswisi imegawanyika katika majimbo 26 yaitwayo kantoni, na kila jimbo, hata kila mji mdogo, hujiwekea kiwango chake cha kodi ya mapato juu ya kile cha taifa. Jimbo la Zug lajulikana sana kwa kodi yake ndogo. Matajiri na makampuni wamelikimbilia kwa miaka mingi. Matokeo yake ni nini? Nyumba za Zug zimekuwa ghali mno, na mwenyeji wa mapato ya kawaida hupata taabu kubwa kuipata nyumba ya kupanga. Yaani, kodi ilipokuwa ndogo, pango likapanda. Alichokiacha mtoza kodi, mwenye nyumba alikiokota. Huko Marekani vilevile, majimbo ya Florida na Texas hayatozi kodi ya jimbo juu ya mapato ya mtu, bali California hutoza, na wako watu wenye mali ambao huihesabu tofauti hiyo kabla ya kufungasha mizigo.

Mfano wa karibu zaidi ni Omani, ambako wanakaa ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, wenye asili ya Unguja, Pemba na pwani yetu. Omani haikuwa na kodi ya mapato juu ya mshahara wa mtu. Katika mwaka 2025 Sultani wa nchi hiyo alitoa amri ya kuianzisha kwa kiwango cha asilimia 5 tangu mwaka 2028, nayo itawahusu wale tu wapatao zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka. Lakini nani atasema kwamba ndugu zetu hao walikwenda Maskati kwa kukimbia kodi? Wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na wengine wengi walivuka tangu mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika ufalme na kuwakaribisha Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Walifuata usalama, ukoo na kazi. Ukosefu wa kodi ulikuwa jambo la baadaye.

Sasa turudi nyumbani. Viwango vya kodi ya mshahara ni vilevile Tanzania Bara nzima. Mwalimu wa Sumbawanga, mpiga chapa wa Moshi na karani wa Mtaa wa Msimbazi, wakiwa na mapato yaliyo sawa, hukatwa sawasawa, na Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1996, haiwaulizi wanalala wapi. Tunao ushahidi mzuri. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi waliziacha nyumba zao za Dar es Salaam wakahama pamoja na jamaa zao. Kodi yao haikupungua hata senti, wala haikuongezeka. Walikwenda kwa sababu ofisi zao zilikwenda.

Basi, kama kodi ya mapato ni ileile kila mahali, kwa nini mtu auzaye duka Kariakoo hulala Chanika, Mbagala, Gongo la Mboto au Tegeta? Hapo naomba tufanye hesabu kidogo, kama tufanyavyo darasani.

Tuchukue makarani wawili wafanyao kazi katika duka moja. Kila mmoja ana mapato ya shilingi 600,000 kwa mwezi ya kutozwa kodi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, yaani shilingi 20,000. Zilizobaki, yaani 80,000, hukatwa asilimia 20, ambazo ni shilingi 16,000. Jumla ni shilingi 36,000 kwa kila mmoja. Karani wa kwanza anakaa Ilala, naye huenda kazini kwa miguu. Wa pili anakaa Chanika, naye hupanda magari mawili. Tuseme gari la kwanza ni shilingi 800 na la pili ni shilingi 600. Kwenda na kurudi ni shilingi 2,800 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 72,800.

Tazameni sasa. Nauli ya karani wa pili ni zaidi ya mara mbili ya kodi yake. Tukitoa kodi na nauli, wa kwanza amebakiwa na shilingi 564,000, wa pili na shilingi 491,200. Lakini mbele ya mtoza kodi watu hawa wawili ni sawa kabisa, kwa maana sheria haipunguzi hata shilingi moja kwa ajili ya nauli ya mfanyakazi. Watu hulalamika juu ya kodi kwa kuwa imeandikwa katika karatasi ya mshahara. Nauli haiandikwi popote, kwa hiyo hupita kimya kimya.

Mtu aweza kuuliza, "Mbona basi karani wa pili asihamie Ilala?" Jibu ni kwamba pango la mjini ni kubwa, tena si ukubwa wake tu bali namna linavyodaiwa. Wenye nyumba wengi hutaka pango la miezi sita au la mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Mtu alipwaye kwa mwezi atazitoa wapi pesa hizo? Nauli humtoka haba na haba, asubuhi na jioni, naye huiweza. Pango la mkupuo hulishindwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi watoto wa Dar es Salaam twajua kuwa haba na haba hukimaliza kibaba pia. Kwa njia hiyo mtu mwenye mapato madogo hulazimika kuchagua lililo ghali kwa mwaka, kwa sababu ni rahisi kwa siku.

Wala hasara si ya fedha peke yake. Mzazi akihamia Chanika na mtoto wake akabaki katika shule ya mjini, mtoto huyo huamka saa kumi alfajiri ili awahi kengele. Huyo ndiye mwalimu amwonaye akisinzia katika kipindi cha nne. Siku nyingine kondakta humwacha kituoni kwa kuwa mwanafunzi hulipa nauli ndogo. Jioni hufika nyumbani giza limekwisha ingia, na hesabu alizopewa bado zimo begini. Mara nyingi twamwita mvivu. Ingefaa kwanza kumwuliza anakaa wapi.

Haikuwa hivi siku zote. Kariakoo ilipimwa viwanja na Wajerumani kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa ajili ya makazi ya Waafrika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, na kutokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi likapatikana jina Kariakoo. Baadaye Waingereza waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni pwani, Uhindini katikati, Waafrika ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Ugawaji huo ulikuwa wa dhuluma. Hata hivyo, ndani ya Kariakoo wenyewe walijenga maisha yao. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uwani nyuma, iliwaweka pamoja mwenye nyumba na wapangaji wake. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja au viwili, akapangisha vilivyobaki, na pango lilipatikana mwezi kwa mwezi kwa kuwa aliwajua wapangaji wake na alikula nao sikukuu.

Katika siku hizo kazi na nyumba vilikuwa jirani. Marehemu Abdulwahid Sykes, aliyekuwa mkuu wa soko la Kariakoo katika miaka ya 1950, alikaa papo hapo Kariakoo, na chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954 katika mitaa hiyo hiyo. Mtu aliyefunga kibanda chake sokoni aliweza kufika mkutanoni kwa miguu na kurudi kwake kabla ya isha. Sitaki kusema kuwa uhuru uliletwa na pango dogo. Nasema tu kuwa watu wakaao pamoja, karibu na kazi zao, hupata wasaa wa kufanya mambo ya pamoja.

Sasa tutazame zile kodi ambazo kweli zilihamisha watu. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda katika nchi hii, rupia 3 kwa kibanda cha shamba, na zaidi kwa nyumba za mjini. Kodi hiyo haikuuliza mwenye kibanda anapata nini. Ilihesabu mapaa. Watu nao wakafanya ambalo mwenye akili yeyote angelifanya: wakakaa wengi katika paa moja. Kijana aliyeoa hakujenga kwake, mjane akahamia kwa kaka yake, na vibanda vingine vikaachwa vianguke. Serikali ilipoona hivyo, iliongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na vibanda. Waingereza walizichukua zote mbili katika sheria yao ya mwaka 1922, na mtu mwenye wake wengi akatozwa zaidi.

Wasomaji wasidhani kwamba sisi peke yetu ndio tuliofanya ujanja huo. Huko Uingereza kwenyewe, tangu mwaka 1696 mpaka mwaka 1851, nyumba zilitozwa kwa idadi ya madirisha, na watu wakaziba madirisha kwa matofali wakakaa gizani. Ukitoza paa, watu watapunguza mapaa, na ukitoza dirisha watapunguza mwanga. Mtu hulikimbia lile lihesabiwalo.

Kodi ya kichwa ilikuwa na kazi nyingine tena. Ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha hazikupatikana kijijini. Kwa hiyo wanaume wa Kigoma, wa Songea na wa sehemu nyingine wakaenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, au wakaja Dar es Salaam kutafuta kibarua. Walipofika mjini, stakabadhi ya kodi ikawa kama pasi ya kusafiria. Katika misako ya miaka ya 1940 na 1950, mtu aliyekutwa Kariakoo au Ilala bila stakabadhi na bila kazi aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Tazama mzunguko ule: kodi ilimleta mjini, na kodi hiyo hiyo ikamfukuza mjini.

Baada ya Uhuru jambo hili liliangaliwa upya. Mwaka 1969 kodi za kichwa za serikali za mitaa zilifutwa. Zilirudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, serikali za mitaa zilipoundwa tena, na vijana wengi wa mji huu walijifunza vichochoro vyote kwa kuwakwepa wakusanyaji, kisha zikafutwa mwaka 2003. Katika upande wa pango, mwaka 1971 Serikali ilizitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jamaa wengi wa mapato ya kati wakaweza kukaa katikati ya mji kwa pango lililowekwa na Serikali. Majengo mengi kati ya hayo yako sasa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Siwezi kusema kuwa siasa hiyo haikuwa na kasoro, maana wako watu waliopoteza mali zao, na majengo mengi yalikosa matengenezo. Lakini ilionyesha kuwa mahali pa mtu kulala ni jambo ambalo taifa laweza kuliamua, si la soko peke yake.

Leo Kariakoo ni mahali pengine kabisa. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, nyumba za vyumba sita zimebomolewa moja baada ya moja na maghorofa yakasimama mahali pake. Chini ni fremu za maduka, juu ni fremu tena, na juu zaidi ni stoo. Mwenye fremu hulipa pango ambalo hakuna jamaa wa kawaida awezaye kulilipa kwa chumba cha kulala, na kabla ya pango hutoa kilemba ili apewe fremu. Mwenye kiwanja aliyeuza au aliyeingia ubia na mjenzi amepata fedha, akajenga Mbagala au Kigamboni, naye simlilii. Nawasikitikia wapangaji wake watano, ambao hawakupata kitu ila notisi. Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 128,000 mwaka 1957. Katika hesabu ya mwaka 2022 tulikuwa 5,383,728. Watu wote hao hawawezi kulala Kariakoo, hilo ni kweli. Lakini si haki kwamba asiyeweza kulala huko ni yule afagiaye, apakiaye na auzaye huko.

Hapo ndipo kodi ya majengo inapoingia. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukusanywa kwa njia ya luku. Mwaka 2023 iliongezwa, ikawa shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na katika miji shilingi 90,000 kwa kila ghorofa ya jengo la ghorofa. Naungama kuwa shilingi 1,500 kwa mwezi haitamhamisha mtu. Ninachokipinga ni kipimo chenyewe. Ghorofa moja iliyojaa fremu katikati ya Kariakoo na ghorofa moja ya mzee mstaafu aliyejenga Mbagala kwa mafao yake zatozwa sawasawa. Tena, sheria humtaja mwenye jengo kuwa ndiye mlipaji, bali luku humkata anunuaye umeme, na aghalabu huyo ni mpangaji. Mpangaji mwenye sauti hudai arudishiwe, mpangaji mnyonge hunyamaza. Ile rupia 3 ya mwaka 1898 ilihesabu mapaa, na hii nayo yahesabu mapaa. Kiasi ni kidogo, lakini njia ni moja.

Wako watakaonipinga. Watasema, "Ewe mwanafunzi, kodi ya mapato unayoisifu humwangukia mwenye mshahara peke yake. Mfanyabiashara wa Kariakoo huficha mauzo yake. Paa halifichiki." Neno hili lina nguvu, nami silidharau. Ni kweli kwamba paa ni rahisi kuhesabu. Ni kweli pia kwamba kutoza biashara kwa haki ni kazi ngumu: mwezi wa Mei mwaka 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia namna ya ukusanyaji wa kodi na uandikishaji wa stoo, hata Waziri Mkuu akaja kuzungumza nao Mnazi Mmoja. Lakini urahisi wa kutoza si hoja ya haki. Kama ungekuwa ndiyo hoja, kodi ya kichwa isingelifutwa, maana vichwa ni rahisi kuliko vyote kuvihesabu.

Wengine watasema, "Acha soko lifanye kazi yake. Ardhi ya Kariakoo ni ya dhahabu, kulala juu ya dhahabu ni upotevu." Nawajibu hivi: soko lenyewe lataka watu. Bidhaa za usiku hushushwa na mikono, na mikono hiyo inapokaa umbali wa saa mbili, gharama yake hulipwa na mtu fulani. Hulipwa na mfanyakazi katika nauli, na tajiri wake katika ucheleweshaji, na mtoto katika usingizi. Kuwa hatuiandiki katika vitabu vya hesabu hakuifanyi iwe bure.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, nami nawaomba wakubwa wayapime. Kwanza, kodi ya majengo ipimwe kwa thamani ya jengo na pango liletalo, isipimwe kwa kuhesabu mapaa na ghorofa. Ghorofa ya fremu ilipe zaidi, nyumba ya mstaafu ilipe kidogo, na mpangaji asikatwe kwa niaba ya mwenye nyumba. Pili, Halmashauri ya Jiji inapotoa kibali cha kujenga ghorofa mahali palipokuwa na nyumba ya watu, itake sehemu ya jengo hilo ibaki makazi ya watu wa mapato ya kawaida, na wale wakubalio wapunguziwe kodi hiyo. Wazungu wa Zug walipunguza kodi kwa ajili ya matajiri. Sisi twaweza kuipunguza kwa ajili ya vyumba. Tatu, pango la nyumba za kuishi lidaiwe mwezi kwa mwezi, au kwa uchache miezi mitatu mitatu, kama vile mishahara ilipwavyo kwa mwezi. Hili la tatu halina gharama kwa Serikali, nalo lingewafungulia mlango watu wengi kuliko yale mawili ya kwanza.

Kwa wazazi wetu nina neno dogo. Mnapofikiri kuhama, msilinganishe pango na pango tu. Chukueni karatasi, mwandike pango, nauli ya kila mtu wa nyumbani kwa siku zote za mwezi, na saa ambazo watoto watakaa barabarani. Chumba cha bei rahisi huweza kuwa ghali kikiwa mbali.

Kwa wanafunzi wenzangu, hasa tulio karibu kumaliza masomo, siku si nyingi tutapokea mshahara wa kwanza, nasi tutaona katika karatasi yake mstari wa kodi. Tusiulaani mstari huo. Kodi ipimwayo kwa pato humwacha mtu akae anapotaka: akipata kidogo hulipa kidogo, akipata vingi hulipa vingi, awe Ilala au Sumbawanga. Tudai stakabadhi tununuapo na tuitoe tuuzapo, ili mzigo usimlemee mwenye mshahara peke yake. Kisha tuwe na macho ya kuitambua ile kodi ya namna nyingine, ihesabuyo paa na kichwa bila kuuliza kuna nini chunguni.

Asiyekuwapo na lake halipo. Watu waliohamishwa Kariakoo hawapo tena katika mikutano ya mtaa inapoamuliwa nini kijengwe na kwa faida ya nani. Basi sisi tulio hapa shuleni, tupitao mitaa ile kila siku na kusoma hesabu hizi, tuwasemee hadi watakaporudi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita